Ganzi ya Paja na Kifungo cha Kiuno

Yako maradhi ambayo hofu yake humwelemea mtu kuliko madhara yake, na mojawapo ni ganzi ya upande wa nje wa paja, ambayo huja pamoja na mwasho na maumivu ya moto, hata mgonjwa akakosa usingizi kwa kudhani kwamba kiharusi kimekwisha kubisha hodi. Mwulize panapouma, naye hataonyesha kwa kidole, bali atalaza kiganja kizima ubavuni mwa paja, tangu chini ya nyonga hadi karibu na goti. Ukiitazama ngozi ile huoni kipele wala uvimbe, lakini leso ikipita juu yake humchoma kana kwamba imepakwa pilipili.

Asili ya udhia huu haimo pajani. Mshipa wa fahamu unaohudumia ngozi hiyo huchipuka kwenye pingili ya pili na ya tatu za kiuno, ukazunguka ndani ya nyonga, kisha ukapenya njia nyembamba chini ya kano ya kinena, kando ya ncha ya mfupa wa nyonga, mahali pale pale tunapojifunga. Kazi yake ni kuhisi tu, wala hauna mamlaka juu ya musuli wowote. Ndiyo maana mguu hubaki na nguvu zake zote. Tabibu Martin Bernhardt wa Berlin aliyaeleza maradhi haya mwaka 1878, na Sigmund Freud, ambaye naye yalimpata, aliyaandikia makala mwaka 1895.

Huku kwetu Kinango, ambako kiangazi huwalazimu akina mama kufuata maji mbali, wakiwa wamekaza kibwebwe ili kiuno kistahimili uzito wa dumu, si ajabu mshipa huo ukabanwa. Hali kadhalika bawabu wa hoteli za Diani, asimamaye tangu magharibi hadi alfajiri akiwa na mkanda mpana, na mama mjamzito, na mtu mnene, na zaidi ya wote mwenye kisukari, ambaye mishipa yake ya fahamu imekwisha kudhoofika.

Basi dawa ya kwanza haina thamani ya fedha: ni kulegeza kifungo, kuacha nguo za kubana, kupunguza kusimama kwa muda mrefu, na kwa mwenye unene, kupunguza uzito. Ganzi ya mjamzito kwa kawaida huondoka baada ya kujifungua. Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havifui dafu, hivyo tabibu huenda akaandika amitriptilini au gabapentini, au akapiga sindano karibu na kinena. Upasuaji ni nadra. Lakini namsihi msomaji asikande kwa maji ya moto mahali palipokufa ganzi, wala asikubali kuchanjwa hapo, kwa kuwa ngozi isiyohisi huungua na kujeruhiwa pasipo mwenyewe kutambua, na kwa mwenye kisukari kidonda kama hicho hukawia kupona.

Hata hivyo si kila ganzi ni hii. Mguu ukipoteza nguvu, au ganzi ikishuka sehemu za siri, au mkojo ukatoka bila ya idhini, hiyo ni dharura ya uti wa mgongo isiyongoja kesho. Na pakitokea baka lililofifia rangi lisilohisi mguso, lazima ukoma uchunguzwe. Maradhi hayo yana tiba, na dawa yake hutolewa bure, kwa hiyo hapana sababu ya mtu kujificha kwa haya.

Kwa hayo, mwenye ganzi ya paja na aende Hospitali ya Kinango, au ile ya rufaa ya Msambweni, apimwe sukari na akaguliwe mgongo na mguu. Akiambiwa kwamba ni mshipa huu tu uliobanwa, na alegeze mkanda wake na awe na subira, maana walio wengi hupona kwa muda wa wiki au miezi, bila ya kisu.