Annie Moore Yupi?

Sisi tuliolelewa kwa kuhesabu fulani bin fulani hadi kufikia babu wa saba huenda tukadhani kwamba kuijua nasaba ni kazi ya kukaa mkekani na kumsikiliza bibi. Kwa watu waliovuka bahari mambo si mepesi hivyo. Wazee huondoka na habari zao, makarani wa bandarini huandika majina wasiyoyajua, na baada ya vizazi viwili vitatu hubaki hadithi isiyo na ushahidi. Waayalandi walilionja jambo hili mapema kuliko sisi, na wapo katika jumuiya zetu watoto ambao bibi mzaa mama ni Mwayalandi. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu pia, kisa cha Annie Moore chastahili kusimuliwa kwa kituo.

Annie alikuwa msichana wa miaka 17 kutoka Cork, kusini mwa Ayalandi. Tarehe 20 Desemba 1891 alipanda meli iitwayo Nevada katika bandari ya Queenstown, ambayo leo huitwa Cobh, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume, Anthony na Philip. Wazazi wao walikuwa wametangulia New York. Watoto hao walisafiri katika daraja la chini kwa siku zipatazo 12, katikati ya majira ya baridi. Meli ilitia nanga usiku wa kuamkia mwaka mpya, na asubuhi yake, Januari mosi 1892, kituo kipya cha kuwapokelea wahamiaji cha Ellis Island kikafunguliwa. Mtu wa kwanza kuandikishwa humo alikuwa Annie. Mkuu wa kituo akamtunukia sarafu ya dhahabu ya dola 10, na magazeti yakaandika kwamba ana umri wa miaka 15. Tazameni jinsi kosa lilivyoingia siku ileile ya kwanza! Baada yake walipita hapo watu zaidi ya milioni 12, hadi kituo kilipofungwa mwaka 1954, naye Annie akapotelea katika wingi huo.

Miaka mingi baadaye, watu walipouliza yaliyompata, lilipatikana jibu la kupendeza. Ilisemwa kwamba alihamia magharibi hadi Texas, akaolewa na mtu wa ukoo wa Daniel O'Connell, kiongozi mashuhuri wa Waayalandi, na kwamba mwaka 1923 aligongwa na tramu akafa. Jamaa wa mwanamke huyo wa Texas waliliamini jambo hilo kwa nia safi, wakaalikwa sherehe na kuheshimiwa, na hadithi ikachapishwa vitabuni. Mwaka 1993 sanamu mbili za Annie zilisimamishwa, moja Cobh na nyingine Ellis Island. Wala sishangai kwamba watu waliridhika. Kisa kilikuwa na kila kinachopendwa na msikilizaji: safari ndefu, ndoa ya heshima na kifo cha ghafla.

Aliyekitilia shaka ni Megan Smolenyak, mtafiti wa nasaba wa Marekani, alipokuwa akishughulikia filamu juu ya wahamiaji. Bibi huyu hakuwa na nia ya kumwumbua mtu. Alitaka tu kuona karatasi. Alipozifuatilia karatasi za yule Annie wa Texas, zikamwambia kwamba mwanamke huyo alizaliwa Illinois, huko huko Marekani. Na aliyezaliwa Illinois hawezi kushuka melini akiwa mgeni atokaye Cork. Majina yalikuwa sawa, watu walikuwa wawili.

Basi Annie wa kweli alikwenda wapi? Mwaka 2006 Bibi Smolenyak alitangaza katika intaneti zawadi ya dola 1,000 kwa atakayemwonyesha njia, na katika wiki chache fumbo likafumbuliwa. Namna lilivyofumbuliwa ndiyo inayonivutia zaidi. Kumtafuta Annie mwenyewe kulikuwa kama kutafuta tone baharini, kwa kuwa akina Annie Moore walikuwa wengi mno, na mwanamke wa huko akiolewa huliacha jina la babaye. Lakini hakusafiri peke yake. Mdogo wake Philip alibaki na jina lake maisha yake yote. Brian Andersson, aliyekuwa kamishna wa kumbukumbu wa jiji la New York, akaipata hati ya Philip ya kupewa uraia. Sensa ya mwaka 1930 ikaonyesha kwamba Philip alikuwa na binti, na kwa kumfuata binti huyo wakafikiwa jamaa walio hai. Hao walikuwa wakijua siku zote kwamba Annie ni wao. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Ikadhihirika kwamba Annie hakuiona Texas. Aliishi karibu na bandari ileile aliyoshukia, katika mitaa ya kimaskini ya Lower East Side. Mwaka 1895 aliolewa na Joseph Schayer, wa asili ya Kijerumani, aliyefanya kazi katika soko la samaki la Fulton. Alizaa watoto wasiopungua 10, na wengi wao walikufa wangali wadogo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1924 kwa maradhi ya moyo, akazikwa katika makaburi ya Calvary, Queens, pamoja na baadhi ya watoto wake, pasipo hata jiwe la kumtambulisha. Mwenziwe wa Texas akisifiwa, yeye alilala pale bila alama. Jiwe lenye jina lake liliwekwa Oktoba 2008, miaka 84 baada ya mazishi.

Annie alifia New York, ambako nyaraka zimehifadhika. Atafutaye mzee aliyefia Ayalandi kwenyewe ana mzigo mzito zaidi. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa lililokuwa Four Courts, mjini Dublin, liliteketea, na sensa za kuanzia 1821 hadi 1851 zikaangamia karibu zote. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilikwisha kuziharibu yenyewe, na zile za 1881 na 1891 zikasagwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo sensa kamili ya kwanza iliyosalimika ni ya mwaka 1901. Daftari za vizazi na vifo, zilizoanza kwa watu wote mwaka 1864, zilisalimika kwa kuwa ziliwekwa mahali pengine. Hati ya kifo ya zamani ya huko haitaji wazazi wa marehemu, na umri wake mara nyingi ni wa kukisia. Lakini hutaja mtu aliyeleta habari ya kifo. Aghalabu huyo ni mwana, mkwe au jirani, na kwake ndiko mtafutaji ajuaye kazi huanzia.

Lipo jambo moja la ajabu katika hasara hiyo. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa wazee waliotimiza miaka 70 pensheni isiyozidi shilingi 5 kwa wiki, nayo ikaanza kulipwa Januari 1909. Wazee hao walizaliwa kabla ya 1864, hawakuwa na vyeti, na iliwabidi kuthibitisha umri wao. Wakaomba watafutiwe majina yao ya utotoni katika sensa za 1841 na 1851. Makarani wakapekua, na walichokiona wakakijaza katika fomu: jina la baba, jina la mama, kijiji, na umri wa mtoto mwaka ule. Miaka 13 baadaye sensa zikaungua, fomu zikabaki. Leo zinasomwa bure katika intaneti, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo karatasi pekee inayomwonyesha bibi kizee yule akiwa mtoto nyumbani kwa wazazi wake.