Utoro Kazini: Kosa la Mfanyakazi au la Uongozi?

Kiwanda kinapotoa bidhaa mbovu, aghalabu lawama huangushiwa wafanyakazi: husemwa kuwa ni wavivu, walevi au watoro. Kisayansi, dai hilo lapasa kupimwa kama dai jingine lolote. Kipimo kizuri ni kuwaweka watu wale wale chini ya uongozi wa namna nyingine, kisha kulinganisha matokeo. Nafasi ya kupima hivyo ni nadra nje ya maabara, lakini ilipatikana katika mji wa Fremont, jimbo la California, nchini Marekani.

Kampuni ya General Motors, yenye viwanda katika nchi nyingi, ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari mjini humo. Kanuni kuu ya wasimamizi ilikuwa kwamba mkanda unaosogeza magari usisimame. Mfanyakazi aliyeona kosa hakuruhusiwa kuusimamisha. Gari liliendelea mbele na kosa lake, likarekebishwa mwishoni. Wala shauri lake halikuulizwa. Chuki ilizagaa baina ya pande mbili: kukawa na migomo ya ghafla, ulevi saa za kazi, na hata magari kuharibiwa makusudi. Siku nyingine, mtu mmoja katika kila watano hakufika kazini. Mwaka 1982 kiwanda kilifungwa.

Mwaka 1983 General Motors ilipatana na Toyota ya Japani kukiendesha kwa ubia, kwa jina la NUMMI, na gari la kwanza likatoka Desemba 1984. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani, na chama chao kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni uongozi. Mamia walipelekwa Japani kujifunza. Kazi ilifanywa kwa vikundi vidogo, na kandokando ya mkanda ilitundikwa kamba. Mfanyakazi yeyote aliyeona kosa aliivuta kuomba msaada. Tatizo lisipotatuliwa upesi, mkanda ulisimama. Utoro ulishuka chini ya asilimia 5, na magari yake yakawa miongoni mwa yaliyo bora kabisa ya General Motors. Mauzo yalipopungua mwaka 1988, wafanyakazi hawakuachishwa kazi, bali walipewa mafunzo.

Yafaa ieleweke kwamba kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Mtaalamu Paul Adler alieleza mwaka 1993 kwamba zamani mfanyakazi alishughulika takribani sekunde 45 katika kila dakika, lakini chini ya NUMMI sekunde 57. Mbona basi waliridhika zaidi? Nadharia ya Robert Karasek ya mwaka 1979 yatoa mwanga: kinachomdhoofisha mtu si wingi wa kazi peke yake, bali wingi huo ukiambatana na kukosa uwezo wa kuamua. Kamba ile iliwapa uwezo huo.

Hata hivyo, ni lazima kuwa na tahadhari. Si wote wa zamani waliorudishwa, na waliorudi walikuwa wamekwisha kuonja ukosefu wa kazi. Hivyo uongozi haukuwa sababu pekee. Kiwanda cha NUMMI nacho kilifungwa mwaka 2010, lakini funzo lake limebaki. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vikizama, hapana budi kumwuliza pia aliyeshika usukani.