Kiambishi -ji- na Msimamo wa Mtafiti: Upendeleo Binafsi katika Mjadala wa Haki za Transijenda

Makala haya yanachunguza mahali ambapo upendeleo binafsi wa mtafiti hujitokeza katika mjadala wa haki za transijenda, yaani watu ambao utambulisho wao wa kijinsia hauafikiani na jinsi waliyoandikiwa walipozaliwa. Hoja inayotetewa ni kwamba, kwa anayeandika kwa Kiswahili, upendeleo huo hutangulia hitimisho na hata uteuzi wa nadharia. Mara nyingi huwa umekwishaingia kupitia kitenzi.

Tuchukue kesi moja. Mnamo Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu ya Kenya aliliamuru Baraza la Taifa la Mitihani lifute cheti cha kidato cha nne cha Audrey Mbugua na kumpa kingine chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsi. Mtihani wenyewe ulifanyika mwaka 2001, kwa jina la kiume. Kwa hiyo, cheti kilikuwa hakilingani tena na mwenye nacho, na cheti kisicholingana na mwenye nacho hakimfai mtu kutafutia kazi. Jaji hakujitwika jukumu la kueleza mwanamke ni nani. Aliangalia kanuni za mitihani, akaona kwamba hazilazimishi alama ya jinsi iwekwe kwenye cheti, na kwamba maksi hazitolewi kwa kuzingatia jinsi ya mtahiniwa.

Hukumu hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kiwakilishi chake cha nafsi ya tatu humlazimu mwandishi achague baina ya mume na mke. Kiswahili hakina sharti hilo: *yeye* ni yeye, na kiambishi *a-* hakibagui. Ingetarajiwa basi kwamba mtafiti anayeisimulia kesi hii kwa Kiswahili yuko salama. La hasha. Mzigo ulioachwa na kiwakilishi hubebwa na kitenzi. Zilinganishwe sentensi tatu:

(a) Mwombaji anajifanya mwanamke.
(b) Mwombaji anajitambua kuwa mwanamke.
(c) Mwombaji anajitambulisha kuwa mwanamke.

Zote zina kiambishi rejeshi *-ji-*, na zote zinaweza kupita katika tasnifu bila mtahini kuuliza swali. Hata hivyo, (a) imekwisha kuamua kwamba kuna uongo, kwa sababu *kujifanya* ni kuwa usivyo. Sentensi (b) nayo imeamua, ila kwa upande wa pili: mtu hujitambua kwa lile ambalo tayari lipo. Ni (c) pekee inayoripoti tendo ambalo mtafiti amelishuhudia, nalo ni mtu kusema yeye ni nani. Anayeandika (a) huona wazi upendeleo wa anayeandika (b), na kinyume chake. Wa kwake mwenyewe humpita.

Njia moja ya kuubaini ni kubadilisha mhusika. Mwanamke aliyesilimu akachukua jina la Fatuma, huandikwa kwamba *anaitwa* Fatuma. Kuandika kwamba *anajiita* Fatuma ni kumtilia shaka, na wasomaji wengi wangekereka. Iwapo mtafiti huyohuyo anaandika kwamba mwombaji wetu *anajiita* Audrey, anawajibika kueleza tofauti hiyo inatokana na nini. Pengine ana sababu ya kisheria au ya kinadharia. Kama anayo, aiandike. Akikosa cha kuandika, basi kilichochagua neno ni mazoea yake.

Upendeleo wa aina nyingine huhusu mipaka ya dhana. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019, iliyohesabu huntha kwa mara ya kwanza, iliorodhesha watu 1,524. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoafiki kikamilifu ya kike wala ya kiume, na fikihi ya Kiislamu imemjadili kwa karne nyingi, hasa katika mirathi. Huyu si transijenda. Lakini wapo watetezi wanaomwingiza huntha katika hoja zao ili wapate huruma ambayo jamii humpa mtu "aliyeumbwa hivyo", na wapo wapinzani wanaomtenga haraka ili huruma hiyo isivuke mpaka. Pande zote mbili zinakubaliana kimyakimya kwamba haki hutegemea kutokuwa na hiari. Dhana hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwani uhuru wa kuabudu, kwa mfano, haujawahi kuhitaji ithibati kwamba muumini hakuchagua dini yake.

Aidha, kuna suala la ukali wa vipimo. Mwaka 1979, Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwapa wafuasi na wapinzani wa adhabu ya kifo tafiti mbili zenye matokeo yanayopingana. Kila upande ulitoa dosari nyingi za kimbinu katika utafiti usioupendelea, ukauona ule mwingine kuwa madhubuti. Sura za mapitio ya maandiko zinafaa kusomwa kwa jicho hilo: ni tafiti zipi zimeulizwa juu ya ukubwa wa sampuli, na zipi zimenukuliwa tu?

Tamko la kawaida la sura ya mbinu, kwamba "mtafiti hakuegemea upande wowote", halimsaidii mtahini kujibu swali hilo. Lingemsaidia zaidi jedwali fupi la istilahi, lililoandaliwa kabla ya data kukusanywa, likionyesha kila neno lililoteuliwa, lililoachwa na sababu yake. Jedwali hilo lisiliruke hata lile la *waliobadili jinsia*, ambalo vyombo vya habari hulitumia kana kwamba halina ubishi, ilhali wapo transijenda wanaosema kwamba hawakubadili chochote isipokuwa jina na karatasi.