Jumla ya Ukubwa wa Viambatisho: Jambo la Kuangaliwa Kabla ya Kutuma Maombi Mtandaoni

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Mkazi wa Kata ya Kamunyonge katika Manispaa ya Musoma, mkoani Mara, anayetafuta kazi Serikalini hapeleki tena bahasha ya kaki Posta. Maombi ya ajira huwasilishwa kupitia Mfumo wa Ajira wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutumia mfumo wa Bodi ya Mikopo, na mzabuni hutumia Mfumo wa Ununuzi wa Umma kwa Njia ya Kielektroniki, NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Vyeti, kitambulisho na barua vimekuwa mafaili ya kompyuta, na kila mfumo huweka kikomo cha ukubwa wa mafaili unaoweza kuyapokea.

Katika kikomo hicho ndipo waombaji wengi hukwama, mara nyingi saa chache kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Mwombaji huangalia ukubwa wa cheti kimoja kimoja, akaona kila kimoja ni kidogo, kisha anashangaa mfumo au barua pepe ikikataa. Karani wa Posta alipima bahasha nzima, wala hakupima karatasi moja moja. Kwa hiyo maelekezo ya tangazo yasomwe kwa makini: je, kikomo kilichotajwa ni cha kila faili, au ni cha viambatisho vyote kwa pamoja? Haya ni mambo mawili tofauti, na jibu la moja halitoshi kwa lingine.

Tuchukue mfano wa mwombaji mwenye nyaraka sita: barua ya maombi yenye megabaiti (MB) 0.2, wasifu 0.3, cheti cha kuzaliwa 4.1, cheti cha kidato cha nne 5.6, cha kidato cha sita 5.2 na cha chuo 8.6. Hakuna hata moja inayofikia MB 10. Zikijumlishwa ni MB 24.

Jumla hiyo haihitaji kikokotoo. Kwenye kompyuta inayotumia Windows, mafaili yote yakusanywe katika folda moja. Ifungue folda hiyo, bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi A ili kuyachagua yote, au shikilia Ctrl huku ukibofya yale tu unayoyahitaji. Sehemu ya chini ya dirisha huonesha idadi ya mafaili yaliyochaguliwa na jumla ya ukubwa wake. Ikiwa miongoni mwa ulivyochagua imo folda nyingine, jumla hiyo haitaonekana. Hapo bonyeza Alt pamoja na Enter, au bofya kitufe cha kulia cha kipanya na uchague "Properties". Kompyuta itaingia ndani ya kila folda na kuhesabu yote yaliyomo. Kwa mwenye kompyuta ya Apple, mafaili yakishachaguliwa, vitufe vya Command, Control na I vikibonyezwa kwa pamoja huleta muhtasari wenye jumla. Kwenye simu za Android, programu nyingi za kutunza mafaili huonesha jumla juu ya kioo pale mafaili kadhaa yanapochaguliwa.

Dirisha la "Properties" lina mistari miwili inayowachanganya watu. Wa kwanza, "Size", ni ukubwa halisi wa mafaili, na ndio unaosafiri mtandaoni. Wa pili, "Size on disk", ni nafasi ambayo mafaili hayo yameshika ndani ya diski. Diski hugawa nafasi kwa vipande, mara nyingi vya kilobaiti 4, hivyo faili dogo kuliko kipande hushika kipande kizima, kama abiria mmoja aliyelipia kiti cha watu wawili. Kinyume chake pia hutokea: faili lililohifadhiwa mtandaoni bila kushushwa kwenye kompyuta linaweza kusomeka sifuri katika mstari huo wa pili. Kwa maombi, usomwe mstari wa kwanza.

Mbele ya mstari huo Windows huandika pia idadi kamili ya baiti, na si pambo. Windows huhesabu MB moja kuwa baiti 1,048,576, yaani 1,024 mara 1,024. Kompyuta za Apple, pamoja na watengenezaji wa flashi, huhesabu baiti 1,000,000. Ndiyo maana flashi iliyoandikwa GB 16 husomeka takriban GB 14.9 ikichomekwa kwenye Windows, na mnunuzi akadhani ameibiwa. Zile MB 24 za mwombaji wetu ni baiti 25,165,824. Mfumo wenye kikomo cha MB 25 unaohesabu kwa milioni utazikataa, ingawa kwenye kompyuta yake zilionekana kutosha. Anayekaribia kikomo aamini baiti.

Barua pepe ina tatizo lake. Kiambatisho kinapotumwa kwa barua pepe hubadilishwa kwanza kuwa herufi za kawaida, ambapo kila baiti tatu huwa nne. Mzigo huongezeka kwa takriban theluthi moja, na MB 24 huwa kama MB 32 njiani. Sanduku la mpokeaji lenye kikomo cha MB 25 linaweza kuurudisha.

Jumla ikizidi, wengi hukimbilia kuyabana mafaili kwa ZIP. Kwa vyeti vilivyoskaniwa haisaidii sana, kwa kuwa picha zilizomo kwa kawaida zimekwishabanwa tayari. Dawa iko kwenye mashine ya kuskani. Mwombeni mhudumu wa stesheneri askani kwa nukta 300 kwa inchi badala ya 600: idadi ya nukta hushuka hadi robo, na maandishi na muhuri wa cheti bado husomeka. Barua isiyo na rangi iskaniwe kwa rangi ya kijivu. Kisha faili lifunguliwe na kusomwa upya, kwa sababu cheti kisichosomeka ni sawa na ambacho hakikutumwa.

Jumla hiyo inahusu pia mfuko. MB 24 ni megabiti 192, kwa kuwa baiti moja ina biti nane na kasi ya mtandao hutajwa kwa biti. Kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde, kupakia huchukua zaidi ya dakika tatu, na mawasiliano yakikatika katikati, bando lililotumika halirudi. Ni busara kutosubiri saa ya mwisho.

Tahadhari nyingine ni kuhusu tovuti za bure zinazojitangaza kupunguza ukubwa wa mafaili. Anayepakia humo hukabidhi kitambulisho chake na vyeti vyake kwa mtu asiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwananchi, lakini kurejesha nakala iliyokwisha kuvuka mipaka ni kazi ngumu. Hali ni hiyo hiyo kwa kompyuta ya stesheneri: baada ya kutuma, mwombaji ahamishie nakala kwenye flashi yake, afute folda nzima, aondoe pia yaliyobaki kwenye pipa la taka la kompyuta, na atoke kwenye akaunti yake kabla ya kuondoka.