Seva ndogo nayo yataka mlinzi

Sisi tuliosomea kambini Kigoma twajua uchungu wa kupoteza karatasi: bila cheti, miaka yako ya darasani haihesabiki. Ndiyo maana nilishituka siku flashi ya mfanyabiashara mmoja wa dagaa ilipoingiza virusi katika kompyuta za shule yetu. Alama za wanafunzi zimo katika seva ileile.

Wengi husema Unix haiugui. Kweli, virusi vingi vimetengenezewa Windows, lakini seva huweza kuvitunza na kuwagawia wengine. Kuvinasa, ipo ClamAV, programu ya bure iliyotoka mwaka 2002. Ila hutaka memori ya gigabaiti 3 hivi, na orodha yake ya virusi isasishwe kila siku.

Fayawoli ni kazi nyingine, wala huna haja ya kuinunua: FreeBSD na OpenBSD huja na pf. Funga milango yote, kisha fungua unayoitumia tu. Mlango wa 22, wa kuingilia ukiwa mbali, uruhusu anwani chache, tena kwa ufunguo badala ya nywila.

Uwezo ukiwa mdogo, ndugu msomaji, anza na fayawoli na nakala ya akiba iliyo nje ya seva. Vyeti vilivyopotea ukimbizini, wengi wetu tunavitafuta hadi leo.