Pesa za Barabara za Pembezoni mwa Jiji

Likizo ikifika, sisi tukaao pembezoni mwa Dar es Salaam husikia swali moja kila twendako: "Barabara yetu itapanuliwa lini?" Wengine humlaumu diwani, wengine huilaumu Serikali, na mabishano huishia hapo. Nataka kuwaeleza wenzangu na wazazi jinsi fedha hizo zipatikanavyo na zigawanywavyo, maana asiyejua mfuko ulipo hajui amwombe nani.

Yafaa kwanza tuone uzito wa jambo lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Basi katika miaka 10 wameongezeka watu zaidi ya milioni moja. Wengi walikwenda kujenga Chanika, Kivule, Goba, Bunju na Kigamboni, ambako viwanja vilikuwa nafuu kuliko mjini. Nyumba zilitangulia, barabara zikabaki nyuma.

Tena barabara si zote za mwenyewe mmoja. Barabara kuu na za mkoa hutunzwa na TANROADS. Za mitaani zamani zilikuwa chini ya halmashauri, lakini tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Kwa hiyo diwani aweza kushauri na kudai barazani, lakini mfuko mkubwa wa barabara hauko mkononi mwake.

Mfuko huo hujazwa hasa na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli, kutoka shilingi 313 hadi 413, ili TARURA ipate fedha zaidi. Tusidhani kwamba tozo hiyo hulipwa na wenye magari tu. Mama yangu huuza mboga sokoni, wala hana hata baiskeli, lakini kila apandapo daladala huilipa ndani ya nauli. Naye ana haki ya kuuliza.

Halmashauri nayo ina mapato yake, kama ushuru wa huduma, leseni za biashara na ushuru wa masoko. Kila mwaka madiwani hukaa kuyagawanya kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Hapo ndipo mjadala huwa mkali, kwani fedha hizo hizo zatakiwa kwa madarasa, zahanati na uzoaji wa takataka. Na kwa sheria, fungu la 10 katika kila 100 hukopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Watetezi wa upanuzi husema kwamba foleni hula saa za kazi, huchelewesha wagonjwa na kupandisha bei za vitu. Hutaja Barabara ya Morogoro, ambayo kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, ilipanuliwa kutoka njia mbili hadi nane. Wapinzani nao hujibu kwamba kwa ajili ya kazi hiyo nyumba nyingi zilibomolewa mwaka 2017. Husema pia kwamba barabara pana huita magari mapya na makazi ya mbali zaidi, mpaka foleni irudi. Hayo yametokea Houston, Marekani. Barabara ya Katy ilipanuliwa sana, kazi ikamalizika mwaka 2008, lakini baada ya miaka michache safari za asubuhi na jioni zikawa ndefu tena.

Mimi naona kila upande una ukweli, ila jambo moja husahauliwa, nalo ni maji ya mvua. Barabara isiyo na mifereji, hata ikiwa pana, haidumu. Maji hupenya chini ya lami, udongo hulainika, magari hupita na shimo huzaliwa. Kwetu masika yakikolea daladala hugeuza njiani, na mama hukodi bodaboda kwa fedha ambayo ingekuwa faida ya siku nzima. Yeye hahitaji njia nane. Ahitaji njia mbili zipitikazo mwaka mzima.

Kwa hiyo ningekuwa mgawaji, ningeanza na mifereji na matengenezo ya njia za daladala, kisha ndipo nifikirie upanuzi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wazazi wetu, mkutano wa mtaa ukiitishwa msiudharau. Maombi ya mtaa huenda kwenye kata, na kutoka kata huenda halmashauri. Nendeni mapema, kabla makadirio hayajapitishwa, mkaulize mambo matatu: barabara hii ni ya nani, imetengewa kiasi gani, na mifereji imo?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne