Pikipiki za Ukunda na Fundi wa Sauti

Ukisimama pale njia panda ya Ukunda, ambapo barabara ya Diani yaachana na ile kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, utaisikia pikipiki kabla hujaiona. Moja yalia wembamba kama cherehani. Nyingine yanguruma nzito, kifua chatetema. Ya tatu yapasuka-pasuka mithili ya bisi chunguni. Mgeni atadhani ni pikipiki za namna tatu. Hasha! Aghalabu zote ni Boxer, au TVS, za muundo wa Bara Hindi, umbo moja na nguvu moja. Tofauti imo katika bomba la moshi, yaani ekzosi, na katika mkono wa fundi aliyelikata.

Ndugu msomaji, bodaboda si neno la Pwani. Lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo. Pikipiki zilishika nafasi ya baiskeli baadaye sana, na hapa Kenya mlango ulifunguka mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi sentimita za ujazo 250. Toka hapo vijiji vya Kwale, kuanzia Ng'ombeni na Tiwi hata Msambweni, Ramisi na Vanga, vikapata vituo vya bodaboda chini ya miembe. Sasa hebu fikiri: vijana thelathini kituo kimoja, pikipiki za namna moja, vizibao vya rangi moja. Mtu atajulikanaje? Huyu huandika msemo kwenye mpira wa tope, kama majina ya leso. Yule hutundika vishada kwenye usukani. Na mwengine huipa pikipiki yake sauti. Mteja aliye jikoni akiisikia yapinda kona hujua fulani amefika, naye huchukua mkoba wake akatoka.

Kutaka kujulikana kwa sauti ni jambo la zamani katika mwambao huu. Lamu zahifadhiwa siwa mbili mashuhuri, ya pembe iliyotoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe. Siwa ilipolia, mji ulijua kuna harusi ya watu wakubwa au jambo la enzi. Lakini haikupulizwa ovyo, wala si kila mtu aliyepewa kuipuliza. Na mpiga ngoma wa Kidigo, kabla ya sengenya kuanza, huiota ngozi motoni, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha tena motoni. Chapuo yataka sauti yake na vumi yataka yake. Kuwashangaa vijana kwa kupenda mlio mzuri, basi, ni kujisahau sisi wenyewe. Swali ni kama fundi wa ekzosi asikiliza kama yule mpiga ngoma asikilizavyo.

Tuone kwanza sauti yenyewe yatoka wapi. Injini ya Boxer ni ya silinda moja na mipigo minne, maana yake huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 1,400 kwa dakika, imesimama kituoni, huwaka mara 700, kiasi cha mara 12 kwa sekunde. Ndiyo ile tu-tu-tu ambayo sikio laweza karibu kuihesabu. Ikizunguka mara 6,000, huwaka mara 50 kwa sekunde, na hapo mapigo huungana yakawa mvumo mmoja. Kila valvu ya kutolea moshi ifungukapo, moshi hutoka kwa kishindo, ungali na joto na nguvu. Usipozuiwa, kila mpigo ni mlipuko mdogo.

Kazi ya sailensa ni kukivunja kishindo hicho. Ndani yake mna vyumba vilivyogawanywa kwa kuta za bati, na vibomba vyenye matundu. Mawimbi ya sauti huingia, yakagonga kuta, yakarudi nyuma na kukutana na mawimbi yanayokuja, na hapo huuana. Si uvumbuzi wa jana huu: ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hataza ya sailensa ya injini mwaka 1897. Tena urefu na upana wa bomba huamua mlio uwe mzito au mwembamba, kama zumari na filimbi. Hivyo, vyumba vile si uchafu uliosahauliwa na mwenye kiwanda. Vilipimwa.

Fundi wa kando ya barabara ana njia zake. Ya rahisi ni kutoboa matundu mawili matatu mkiani mwa sailensa. Ya pili ni kuikata nyuma kwa msumeno, kuzing'oa kuta za ndani, kisha kuichomelea tena. Kwa nje haionekani kitu. Ya tatu ni kuitupa sailensa nzima na kufunga bomba fupi tupu. Na iko ya harusini, isiyotaka fundi. Pikipiki ikienda mbio, mpandaji huzima ufunguo kidogo huku injini ingali ikizunguka, petroli ikapita bila kuungua mpaka ndani ya bomba la moto, kisha akawasha. Mlio wake ni wa bunduki. Msafara wa bwana harusi ukipita hivyo watoto hushangilia, na mzee mwenye moyo mbovu hushika kifua. Bati la sailensa nalo hupasuka, kwani halikutengenezwa kuwa chumba cha baruti.

Vijana wengi hushika kauli moja: pikipiki ikifunguliwa ekzosi hupata nguvu. Kauli hii ina asili yake, ila imehama nyumba. Katika miaka ya 1950 mhandisi Walter Kaaden, wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, aligundua kwamba bomba lililotanuka katikati likabana mwishoni laweza kuirudisha silindani petroli iliyotaka kuponyoka, na injini ndogo ikatoa nguvu ya kustaajabisha. Siri hiyo ilithaminiwa hata mwaka 1961 mpandaji wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi nayo, na mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za 50 akiwa na Suzuki ya Japani. Lakini zile zilikuwa injini za mipigo miwili, za kuchanganya oili na petroli kama Vespa za zamani wazee wanazozikumbuka. Boxer ina valvu. Na hata Kaaden hakutoboa bomba. Alilipima kwa hesabu.

Boxer ikitobolewa bila kabureta kurekebishwa, hewa na petroli hazilingani tena. Injini hupata joto zaidi, na valvu ya moshi yaweza kuungua. Tena nguvu ya chini, ile ya kuanzia na ya kupandia, aghalabu hupungua. Kwenye lami tambarare ya Ukunda na Diani kijana hatalijua hilo, kwa kuwa sikio limemwambia anakwenda mbio. Mpe abiria wawili na gunia la nazi, apande kutoka Kombani hadi mji wa Kwale kule juu ya vilima vya Shimba. Hapo atazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, na faida ya safari imeishia tangini.

Sikio lenyewe pia lina hesabu yake. Wataalamu wa afya ya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupunguzwa nusu. Ukifika 100, salama yako ni robo saa. Ekzosi isiyo na kuta yaweza kupita hapo, na mwenye bodaboda huikalia toka alfajiri hadi usiku. Abiria hushuka akaenda zake. Yeye hubaki nayo, na sikio likifa kwa kelele halina dawa ya kulifufua.

Majirani nao? Sheria ya trafiki ya Kenya yataka kila chombo cha barabarani kiwe na sailensa inayofanya kazi. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya NEMA, zimezipa sehemu za ibada desibeli 40 mchana na 35 usiku, kiasi cha watu kunong'onezana. Imamu asoma Isha kwa sauti, pikipiki yapita dirishani, safu ya nyuma haikusikia aya. Pale Msambweni, mgonjwa aliyelazwa hospitali hana la kufanya ila kugeukia ukutani. Wazee hukumbusha wasia wa Luqmani kwa mwanawe juu ya kushusha sauti, na mnyama aliyetajwa pale kila mtu amjua. Na kijana aliyechukua pikipiki kwa mkopo, ikizuiliwa polisi kwa siku tatu, hesabu ya wiki nzima imevunjika.

Hata hivyo tusiseme watu wa Pwani hawastahimili sauti ya usiku. Katika Ramadhani wapiga daku hupita saa tisa wakigonga ngoma na madebe, na hakuna anayewatukana, ila labda mgeni wa hotelini. Saa ile ile pikipiki moja ya kupasua ikipita, mji mzima hulaani. Mpiga daku amekuja kwa ajili ya yule aliyelala, na hilo hata aliyelala alijua.

Kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani iliithamini sauti ya pikipiki zake hata ikaomba mwaka 1994 isajiliwe kuwa alama yake ya biashara. Washindani walipinga, nayo ikaliacha ombi mwaka 2000. Sauti ile haikutokana na bomba kutobolewa. Silinda zake mbili zimeinamiana kwa nyuzi 45, na kuwaka kwake hakulingani vipindi, ndipo ikapata mwendo kama wa farasi.

Anayetaka mlio mzito usioudhi ana njia, ila yataka fundi mwenye subira. Kuta zisiguswe, sailensa ya kwanza ihifadhiwe nyumbani, na itafutwe nyingine yenye bomba la matundu katikati, lililozungushiwa nyuzi za kioo zinazonyonya sauti kali na kuuacha mvumo. Kisha kabureta ipimwe upya na plagi itazamwe rangi: ya hudhurungi ni njema, nyeupe yaonya kuwa injini yaungua. Nyuzi zile nazo huchomeka kidogo kidogo, na pikipiki ikianza kupaza sauti, mkia ufunguliwe zitiwe nyingine.